Lango la Mama Kengele

Siku fundi baiskeli alipomtia machoni Mama Kengele kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amekwama mtaroni mbele ya kibanda cha fundi huyo. Alikuwa mshonaji, miguu haikuwa na nguvu tangu utotoni, na baiskeli yake ya magurudumu matatu aliizungusha kwa mikono. Vijana wa pikipiki walimkimbilia, huyu akashika bega, yule kiuno.

"Msinibebe, mimi si gunia la mkaa! Nyanyueni baiskeli."

Wakainyanyua. Fundi akalinyoosha gurudumu lililopinda, kimya kama maji mtungini. Alikuwa mtu wa haya mno. Vijana walimwita Bubu.

"Kaka, ulimi wako umeuweka rehani?" mama akamuuliza. Vijana wakaangua kicheko. Fundi akainamia mnyororo.

Tangu hapo fundi alimsikia kila asubuhi akienda kwenye chumba chake cha kushonea. Njia ya miguu haikuwapo, basi alipita katikati ya magari. Malori yalimpigia honi, naye akayajibu kwa kengele, hasogei hata kidogo.

Ndipo akaja mhandisi, mwanamke mpole mwenye kofia pana, kupanga barabara mpya ya watu wote. Kabla ya kuchimba, aliichora kwa chokaa chini: hapa magari, hapa baiskeli, hapa waendao kwa miguu. Pa kusimikwa nguzo za kuzuia pikipiki aliweka ndoo. Kisha akawaita wakazi waijaribu kwa miguu yao.

Mama Kengele alifika amevaa gauni jipya. Kwenye mwanzo wa njia ya miguu, magurudumu yakagonga ndoo. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Ndoo ikaanguka.

"Kumbe ya watu wote, kasoro mimi," alisema.

"Tuzitenganishe ndoo," mhandisi akasema.

Mwenye duka mmoja wa pale akaweka mkono juu ya ndoo. "Dada yangu, samahani. Ndoo zikiachana, pikipiki zitaingia. Mwanangu waliyemgonga bado anachechemea."

Mama Kengele alimjua mtoto yule. Yeye ndiye aliyemshonea sare za shule. Akaanza kugeuza baiskeli yake taratibu kuelekea kwenye magari, na safari hii kengele haikulia.

Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, akasogea mbele.

"Pale kwangu," alisema.

Watu wote wakageuka.

"Lango pana liwe pale kwangu. Nitasogeza kibanda. Mimi nashinda pale. Pikipiki ikija, nitaizuia."

"Utaizuia kwa mdomo upi, Bubu?" kijana mmoja akadakia.

"Huu huu."

Mwenye duka akaibeba ile ndoo mwenyewe mpaka kwenye kibanda.

Barabara ilijengwa hivyo. Siku za kwanza sauti ya fundi ilitoka kama ya kifaranga, vijana wakamwigiza. Akaendelea. Baadaye walimsikia tangu kwenye kona, wakapunguza mwendo wenyewe.

Miaka ilipopita na mikono ya Mama Kengele ikachoka, binti yake akaja na gari kumchukua akaishi naye. Mama akakataa kupakiwa mlangoni; akataka afuatwe mwisho wa barabara. Alipofika langoni, fundi alikuwa anamfokea kijana wa pikipiki mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Kengele ikalia. Wote wawili wakampisha.

"Kaka," alisema akipita, "ulimi umeukomboa, nimeona. Sasa punguza sauti, utaniziba masikio."