Kahawa Aliyoimeza Kokubanza

Nilipokuwa mtoto, kwetu Nyaishozi, nilimaliza msimu mzima nikimngojea mwanamke mmoja avimbe tumbo afe, na sioni haya kulisema. Mwanamke huyo aliitwa Kokubanza. Nilimwita mama mdogo, ingawa hakuzaliwa tumbo moja na mama yangu. Walikuwa wamekunywa mukago.

Vijana wa siku hizi hawaujui mukago, na ukiwaeleza wanacheka. Watu wawili waliopendana sana walichukua tunda moja la kahawa, lile lenye punje mbili ndani. Kila mmoja alijichanja kidogo chini ya kitovu, akaipaka punje yake damu, akampa mwenzake aimeze. Tangu hapo ni ndugu, na mmoja hawezi kumgeuka mwenzake. Mama na Kokubanza walifanya hivyo wakiwa wasichana, kabla ya ubatizo. Baadaye kanisani wakafundishwa kwamba hayo ni mambo ya giza, wakaitikia amina, lakini undugu wao ukabaki vilevile.

Baada yangu mama alizika watoto wawili, wote kabla hawajatembea. Baba alikuwa Uganda kwenye mashamba ya pamba, tukabaki sisi na bibi, mama yake baba. Mama akakauka. Hakuoga mpaka asukumwe, samli hakujipaka, nywele zikajisokota, maharage yakamezwa na magugu. Ukimwamkia, anaitika kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Kokubanza ndiye aliyemwinua, hilo simnyimi. Alikuja akachemsha maji, akamwogesha kama mwali, akamnyoa, akampaka samli, kisha akamshika mkono mpaka nyumbani kwa mke wa mwinjilisti. Huko wanawake waliookoka walikutana kila Alhamisi mchana, nami nilifuatana nao. Walikaa juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa ndani, wakaimba taratibu, halafu mwenye donda la moyo akalisema na wenzake wakamwombea. Mara ya kwanza mama hakutoa neno. Mara ya pili alilia mpaka nguo ikalowa. Alhamisi zikaenda, na asubuhi moja nikamsikia anaimba huku anamenya ndizi. Wee, acha tu! Nilizunguka nyumba mbio bila kujua nakimbilia nini.

Siku moja walikuwa wakipukuchua maharage uani, mama akamwambia Kokubanza jambo ambalo hata Alhamisi hakuthubutu kulitamka. Mtoto wa pili alipozidiwa, mama alikwenda kwa mfumu, yule mganga wa kienyeji, akatambikia mizimu kwa pombe na ulezi, ilhali amebatizwa. Mtoto akafa vilevile. Alisema kinachomla si kifo peke yake, ni kule kufikiri kwamba Mungu alimwona akitoka kwa mfumu. Kokubanza akamkumbatia, akamwambia limekwisha, halitatoka hapa. Mimi nilikuwa kando yao nachambua mabovu, nikasikia yote.

Haukupita muda, ukaja mkutano mkubwa wa uamsho, watu wakaja hata kutoka Ihembe. Desturi ya waliookoka ilikuwa kusimama na kuungama mbele ya wote, usibakize kitu. Kokubanza akasimama. Alikuwa analia kwelikweli.

"Ndugu zangu, naungama dhambi ya kuficha," alisema. "Nimeificha dhambi ya dada yangu, na Bwana hanipi usingizi."

Akaeleza kila kitu, mfumu, pombe, ulezi, na jina la mama akalitaja. Watu wakaimba wimbo wa shangwe, wakampongeza kwa kujitua mzigo. Ebu fikiri! Aliyeungama ni yeye, aliyevuliwa nguo ni mama yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinama, anavuta uzi mmoja kwenye pindo la nguo yake, anauvuta tu.

Akatengwa na Meza ya Bwana. Mke wa mwinjilisti akamwambia kwa upole kwamba Alhamisi asubiri kwanza. Kokubanza akaacha kukanyaga kwetu, na nyimbo zikakoma jikoni.

Bibi hakuwa amebatizwa wala hakuwa na mpango huo. Alinikuta nalia, akaniambia ninyamaze. Aliyevunja mukago, alisema, ile punje aliyoimeza huota tumboni mwake, na tumbo huvimba, huvimba, mpaka limuue.

"Wewe mtazame tu," akaniambia.

Basi nikamtazama. Kisimani, njiani, kanisani, macho yangu yalikuwa tumboni mwa Kokubanza. Nilimpa shikamoo kwa adabu zote huku namkagua. Na kweli, jamani, tumbo likaanza. Nikakimbia mpaka nyumbani, nikamkuta mama migombani, nikampa habari kwamba kahawa imeota. Mama akanitazama mpaka akaelewa ninachosema. Akaniambia yule ana mimba. Kisha akakaa chini palepale, kwenye majani makavu, akanituma maji. Niliondoka nimekasirika na Mungu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Mchana mmoja, tumbo likiwa kubwa, Kokubanza aliingia kwetu kwa kupenya migombani, si kwa njia ya wageni. Alipiga magoti mbele ya mama. Mtoto alikuwa hachezi sawasawa, na yeye, mlokole yule, aliyemtangaza mama kwa kwenda kwa mfumu, alikuwa anauogopa mukago. Alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Aliomba watafune pamoja, na mama atamke kwamba amemfungua.

"Hiyo sitafuni," mama alisema. "Ulinifundisha kuomba, nitakuombea."

Akamwekea mikono tumboni, akaomba kwa sauti ndogo, nami nimesimama mlangoni natamani anyamaze. Alipomaliza akamwambia, "Hiki kilichokuleta leo, kakiseme kanisani kama ulivyosema changu."

Kokubanza akaapa atakisema.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, akabatizwa kwa vigelegele. Mama aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, ameoga, ameng'aa, akikaa benchi la nyuma pamoja na waliotengwa. Hata mchungaji alipomrudisha mezani, hakuhama benchi lile. Watu walisema hiyo ndiyo imani. Nami nilidhani anamngoja Mungu amponye, mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, nikamuuliza.

"Mungu aliniponya siku ile niliyomwombea mwenzangu," aliniambia. "Niliyekuwa namngoja ni Kokubanza. Pale nyuma ningemwona vizuri akisimama."

Hakusimama. Alizeeka, akafa, akazikwa kwa sifa nyingi za ushuhuda wake, na mama alikuwepo mazishini akisikiliza.

Mimi nimeokoka, na nina wanawake wenzangu ninaosali nao. Nimewaona wakiingia wamevunjika na kutoka wakicheka, kwa hiyo siwezi kusema maombi yale ni bure. Nawashika mabega, nawasikiliza, na niliyoyasikia nitazikwa nayo. Ila wanaponigeukia na kuniambia, haya mama, sasa ni zamu yako, mimi huanzisha wimbo.