Mzee wangu alivyonisomea X-ray ya titi akaniambia ni TB

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni nyanya wa hapa Nakuru, miaka sabini na kitu, na simu nilifunzwa na wajukuu, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Bwana yangu, Baba Rose, alikuwa fundi wa reli na tulikaa kwa landhi za wafanyakazi.

Siku moja nikioga nikagusa kitu kigumu kwa titi la kushoto. Hakikuwa na uchungu. Daktari wa hapa mjini akanituma Nairobi nipigwe X-ray ya titi, maana kwetu mashine hiyo haikuwepo.

Tukaenda na treni. Hiyo mashine inakubana mpaka unamkumbuka mama yako. Tukarudi Ijumaa na bahasha imefungwa, ya kumpelekea daktari Jumatatu.

Baba Rose na subira walikuwa hawajuani. Akaifungua. Kazini walikuwa wanapigwa X-ray ya kifua, basi alijiona nusu daktari. Akainua picha dirishani, kisha akasoma karatasi ya Kizungu iliyokuwa ndani. Mimi shule niliachia darasa la nne, Kizungu changu kilikuwa cha sokoni tu.

Akanionyesha vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi, vimekusanyika pamoja.

"Mama Rose, hii ni TB. Utadungwa sindano na utapona."

Wacha nifurahi. TB tuliijua, jirani yetu aliugua akapona. Siku hizo tatu nililishwa mayai na maziwa, na mwanaume mzima akafua nguo huku landhi nzima ikimcheka. Nikadeka kabisa.

Nikatenga kikombe changu, kama wagonjwa wa TB walivyofanya. Ajabu ni kwamba yeye alikuwa anamalizia chai yangu kwa kikombe hicho hicho. Sikushtuka.

Jumatatu daktari, Mhindi mmoja mpole, akaweka picha kwa taa. Akasema vile vidoa ni chokaa iliyoganda ndani ya titi. Mara nyingi havina neno, lakini hivi vilivyojikusanya havimpendezi.

Kabla amalize, Baba Rose akauliza, "Sasa hiyo biopsy itafanywa lini?"

Daktari alikuwa hajataja hilo neno, ambalo baadaye alinieleza ni kukata kipande cha titi kikapimwe. Nikamwangalia mzee wangu, akaangalia viatu vyake.

Wakuu, nilitoka nje nikakaa kwa benchi nikasema sikatwi mahali. Kwetu walisema uvimbe ukiguswa na kisu unaamka. Na kama yeye alinidanganya, nani mwingine nimwamini?

Akanifuata na karatasi mkononi.

"Nilitaka ulale hizo siku tatu," akasema. "Mimi sikulala."

Nikamwambia anisomee yote, neno kwa neno. Akasoma, kidole kwa mstari. Karatasi haikusema nina saratani. Ilisema wanashuku, picha haiwezi kuamua, wachukue kipande kidogo wakiangalie kwa darubini.

Kumbe hata wao hawakujua. Hiyo ndiyo ilinipa nguvu. Nikakubali.

Kipande kilirudi na jibu baya: saratani, ila ndogo na haikuwa imetembea. Titi likatolewa. Jibu hilo pia alinisomea yeye, bila kuruka neno, na tukalia pamoja mchana kweupe.

Nilimsamehe siku ile ile ya benchi, ingawa nilimnunia mpaka Jumapili kwa heshima yangu. Tukaishi miaka mingine thelathini. Yeye ndiye alitangulia, kwa moyo. Bado namkosa.

Funzo langu: karatasi ikisema "tunashuku", haijahukumu. Uliza inamaanisha nini, na ukapimwe. Uongo wa mapenzi ni mtamu, lakini nusura unifanye nitoroke hospitali bila kupimwa.

Sasa semeni nanyi. Nyinyi mnaojua Kizungu, mama akikuletea karatasi ya hospitali umsomee, huwa unamsomea yote?