Bilauri za Bwana Shauri

Siku hizi nikipita mtaa wa Picha ya Ndege naona watu wazima wamekaa barazani wanakunywa bia kwa kuitia chupa mdomoni, au katika bilauri ya soda ambayo haikusuuzwa vizuri. Huwa nageuza uso. Si kwa sababu ya dini tu, ingawa mimi ni Mwislamu na bia sijaionja tangu nizaliwe. Naona uchungu kwa jinsi wanavyoiharibu. Asiyejua ladha ya kitu hana haki ya kukionea uchungu, hilo nalijua, lakini miaka tisa nilimimina bia katika nyumba ya Bwana Shauri kule Kisarawe, na kazi ikishakukaa mkononi haitoki.

Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita Mzungu mkuu wa wilaya. Nyumba yake ilikuwa kilimani, juu ya boma, upepo wa msitu wa Pugu ukiingia madirishani, na mimi nilikuwa mtumishi wake wa mezani. Mkewe, tuliyemwita Memsabu, ndiye aliyenifundisha bilauri. Asubuhi moja alizipanga mezani, akafungua chupa tatu za bia tofauti, akaniambia nitazame na ninuse. Mpaka siku ile nilidhani bia ni bia. Kumbe nayo ni mchele mmoja mapishi mbalimbali.

Ile nyepesi ya rangi ya dhahabu ilitaka bilauri ndefu na nyembamba, ili viputo vipate njia ndefu ya kupanda na povu likae juu bila kuanguka. Ilitoka katika friji la mafuta ya taa na kunywewa upesi. Ile ya rangi ya chai kavu, iliyokuja kwa meli kutoka kwao, ilitaka kikombe kizito cha kioo chenye mkono, maana haikutakiwa baridi kali wala uvuguvugu, na kiganja cha mtu katika joto letu huipasha kabla hajaifikisha nusu. Ile nyeusi ilikuwa na bilauri yake yenye tumbo na mguu mfupi, mdomo umebana kidogo, harufu isikimbie. Ilinuka kahawa iliyoungua na mkate. Nilikuwa naipenda harufu ile, na nasema hivyo bila kuona haya.

Karamu ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kutaka kuwafurahisha watu. Kwetu mgeni wa heshima hapewi maji matupu. Mama yangu alikuwa akifukiza vikombe kwa ubani, anavifunika juu ya chetezo mpaka moshi uingie, ndipo anateka maji mtungini. Nami siku hiyo nilizifukiza bilauri zote za Bwana Shauri, moja baada ya nyingine, nikaona nimefanya jambo ambalo hakuna mtumishi mwingine angelifikiria. Wageni walipokunywa wakatazamana. Povu lilikufa palepale na bia ikanuka kama msikiti siku ya Maulidi. Memsabu alinifuata stoo, akanusa bilauri moja, akaniuliza nilichofanya, nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniambia bia ina harufu yake, na bilauri nzuri ni ile inayoiachia. Niliona aibu iliyonikaa siku nyingi.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa kuogopwa stoo. Bilauri za bia hazikuoshwa pamoja na sahani za nyama, kwa sababu chembe moja ya mafuta inaua povu. Hazikufutwa kwa kitambaa, zilipinduliwa zichuruzike zenyewe. Nikaweza kumimina nikiwa nimegeuza shingo, najua kwa mlio kama bia imefika shingoni mwa bilauri au bado. Mpishi, mtu wa bara, alikuwa akimalizia masazo ya chupa nyuma ya jiko na kunicheka. Alisema mimi ni kama kinyozi mwenye upara. Alinikaribisha mara mbili tatu, nilipokataa akaacha, na akaacha pia kuongea nami. Jioni alikaa na wenzake upande wa jikoni, nikawa nakula peke yangu.

Huko mtaani hali haikuwa bora. Bia ukiimimina hurukia nguo, na kanzu nyeupe haifichi kitu. Msikitini waliosimama kando yangu walijikunyata, japo safu ni lazima ibanane. Nilichumbia mara moja tu. Jibu lililorudi ni kwamba binti yao hatafua kanzu inayonuka pombe. Lisemwalo lipo, watu walisema, na mimi sikuwa na mtu wa kunisemea.

Lakini ya Kisarawe niliyavumilia. Iliyoniuma ni ya nyumbani.

Kwetu ni Ruvu, upande wa Mlandizi, ambako baba alilima mpunga karibu na mto. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimtunza baba. Nikipewa likizo nilishuka kwa miguu mpaka stesheni ya Pugu, nikapanda treni hadi Ruvu, nikafika na kitoweo na sukari. Kwetu watu wa nyumba moja wanakula sinia moja, na wakimaliza kata moja ya maji inazunguka, kila mtu anakunywa na kumpa wa pili. Ndivyo unavyojua uko kwenu. Likizo ya pili nilipofika, kata ilizunguka ikanipita. Dada akaniletea kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kipya, akaniwekea mbele yangu bila kuniangalia. Nilipoondoka kilitundikwa kwenye msumari wake, mbali na vyombo vingine.

Baadaye dada alininong'oneza kwamba baba alikwenda dukani Mlandizi akakichagua mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikichagulia bia bilauri, kwetu nikachaguliwa changu. Dada alijaribu kunipoza. Alisema mtumikie kafiri upate mradi wako, yatapita. Hayakupita. Kwa miaka minne nilikunywea kikombe kile, na kila nilipokiinua nilitamani baba aniulize swali moja tu, je, unakunywa? Nilikuwa na jibu safi. Hakuniuliza.

Kisha Memsabu akarudi Ulaya kukaa na watoto waliokuwa shuleni, na Bwana Shauri akabaki peke yake katika nyumba yenye vyumba sita. Wageni walipungua. Jua likianza kuteremka alikaa barazani, nami nampelekea bia nyeusi katika bilauri yake ya mguu mfupi, nasimama nyuma ya kiti. Tulikaa hivyo mwaka mzima, watu wawili wasio na wa kuongea naye, mmoja ameketi na mwingine amesimama. Siku moja aligeuka akaniambia nilete bilauri ya pili. Nilifikiri kuna mgeni. Akaimimina mwenyewe, vibaya, povu likafurika, akanisogezea kiti. Alisema miaka yote hiyo ninamchagulia bilauri, alitaka kusikia kutoka kwangu ladha ikoje.

Nilimwambia, "Bwana, mimi naijua kwa macho na pua. Mdomo wangu ni wa baba yangu."

Hakukasirika. Aliitazama ile bilauri mpaka povu likaisha, kisha akaniambia niende nikapumzike. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika nyumba ile. Nilikuwa nimepata ushahidi. Mzungu mwenyewe alinimiminia, kwa mkono wake, nami nikakataa. Niliomba ruhusa ya siku tatu nikashuka Pugu mbio.

Nilimkuta baba anasuka ungo nyuma ya nyumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa chini mbele yake na kumweleza yote, tangu bilauri ya pili mpaka neno nililosema. Niliapa kwamba tone halijapita kooni kwangu. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiendelea na ungo.

"Sijasema hata siku moja kwamba unakunywa," alisema. "Mimi ndiye niliyekulea, nakujua. Mwanangu, wewe unamimina. Aliyelaaniwa si mnywaji peke yake. Mbebaji yumo na mmiminaji yumo. Mkono huo siwezi kushiriki nao kata."

"Nikiacha je, baba?"

"Ukiacha, njoo tunywe."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Nilirudi Kisarawe nimeazimia. Asubuhi nilimwendea Bwana Shauri nikamwomba anihamishie bustanini, nimwagilie maua, nichimbe, chochote kisichokuwa na chupa. Aliniuliza sababu nikamwambia ni dini. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Sasa nani atakaa na mimi?" Nikasema basi, nitasubiri mpaka apate mwingine. Wakaja wawili kujaribiwa. Mmoja alifuta bilauri kwa kitambaa cha meza, mwingine alijaza bia nyeusi katika kikombe cha mkono mpaka ikamwagika. Nikawaona hawafai, nikasema hivyo kwa Bwana. Leo naweza kujisingizia huruma, na huruma ilikuwepo, lakini kiburi kilikuwa kikubwa zaidi. Katika dunia nzima kulikuwa na kitu kimoja ambacho mimi nilikijua kuliko watu wote, na sikutaka kukiacha kwa mtu wa kitambaa. Nilisema mwezi ujao. Ulipofika nikasema baada ya mvua. Miaka miwili ikapita hivyo, na msumari wa kikombe changu ukaanza kuota kutu.

Habari za ugonjwa zilinifikia kwa mtu wa treni. Nilimkuta baba amelala kitandani barazani, amepungua mpaka shingo imebaki mishipa. Dada alikuwa ameshuka mtoni kufua. Nilikaa naye. Baada ya muda, akiwa bado amefumba macho, alisema anataka maji. Nilinyanyuka, nikachota mtungini, nikamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto na kumsogezea kata kwa wa kulia. Alifumbua macho.

"Ni wewe."

"Ni mimi, baba."

"Umeacha?"

Ningeweza kumdanganya. Mpaka leo sijui kwa nini sikumdanganya, maana mgonjwa hudanganywa kila siku kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikamwambia bado. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Akageuza uso ukutani na kusema, "Weka hapo. Nitamngoja dada yako."

Nikaiweka kata chini. Tukamngoja dada pamoja, yeye na kiu yake, mimi nimekaa chini kando ya kitanda, maji yapo kati yetu. Alikawia sana siku ile. Alipofika na nguo mbichi kichwani nilimwambia tu ampe baba maji, nikaenda nyuma ya nyumba.

Baba alifariki siku ya pili asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemtuma mtu Kisarawe na barua ya kuacha kazi. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa hasikii tena. Nilimsemea sikioni mara tatu na hakuna kilichobadilika usoni pake.

Mwalimu wa msikiti alikuja na wazee wawili kumwosha. Wakazungushia kitanda kanga, wakauliza yuko wapi mtoto wake wa kiume, wakaniita ndani. Kwetu baba huoshwa na wanawe, hilo halina mjadala, na wala hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani. Mwalimu alivaa kitambaa mkononi, akanipa kata na kunielekeza: anza upande wa kulia, mimina taratibu, usiache.

Nikamimina. Maji yalimpita kichwani, begani, kifuani, na mwalimu akawa ananiambia ongeza, ongeza. Ndiyo maji ya kwanza ambayo baba aliyapokea kutoka mkononi mwangu baada ya miaka saba. Hakuwa na uwezo wa kuyakataa tena, na hilo ndilo lililoniliza, si kifo chake.