Ombi la mama fua lililomleta mvuvi Malaba

Jua la Malaba halijapata makali, na tayari Rosebella Nasimiyu amezama hadi viwikoni kwenye povu. Nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, anasugua ovaroli ya dereva huku midomo ikicheza. Ukidhani anaimba, umekosea. Ukidhani anasali, umekosea nusu.

"Naongea tu," anasema. "Maneno inakuja na sabuni. Nguo ikikauka, nimeshasahau."

Mwandishi alikwenda kutafuta habari nyepesi ya mama fua anayetunga mashairi. Alirudi kichwa kikimzunguka.

Rosebella, mama wa watoto watatu, Cindy akiwa wa kwanza, huyajua majira kwa nguo za madereva. Januari huja na vumbi, Aprili huja na tope lisilokubali kutoka. Ovaroli moja ni shilingi mia, na mvua ikishinda inanyesha hakuna kitu, maana hakuna pa kuanika.

Mvua anaijua vizuri kuliko angependa. Mto Nzoia ulipovunja kingo, ulimeza nyumba yao kule Budalang'i. Alibeba watoto akaja Malaba kwa binamu yake. Mumewe, mvuvi Protus Mulama, akagoma kuhama.

"Aliniuliza kama Malaba iko na samaki," anasema Rosebella. "Tulikosana vibaya sana. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Halafu akanyamaza."

Pasaka iliyopita, wakati wa ushuhuda kanisani, alisimama bila kujiandaa akasema yale anayoyasema kwenye beseni:

"Bwana, nifue. Maji ilibeba nyumba, ikaniacha mimi.
Januari vumbi, Aprili tope, na watoto wanakua ndani ya nguo ile ile.
Bwana, nifue, na usinianike peke yangu."

Adeke, mfuaji mwenzake, alikuwa amerekodi kwa simu, akaituma sauti hiyo kwenye makundi yake yote ya WhatsApp.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Katika lugha aliyokulia Rosebella, sauti ya v haina makao. Vitu kwake ni "fitu" na hata vumbi la ombi lake alilitamka "fumbi". Kwa hiyo akisema "nifue", huenda anaomba afuliwe kama nguo, au anaomba avuliwe majini kama samaki. Halafu kuna hilo neno "Bwana". Mungu ni Bwana, na mume naye ni bwana.

Sauti ilizunguka hadi ikafika ziwani kule Budalang'i, ikamkuta Protus anashona nyavu.

"Nilisikia bibi yangu ananiita nimvue kwa maji," anasema Protus, mtu mrefu, mpole, asiyejua aweke wapi mikono yake nchi kavu. "Mimi kazi yangu ni kuvua. Sasa ningekaa?"

Kabla ya Pentekoste alikuwa mlangoni Malaba na nyavu zake ndani ya gunia.

Siku hizi yeye ndiye anayechota maji na kuanika. Anazitandaza ovaroli juu ya ua kama nyavu, mikono imevutwa huku na huku, na madereva hawamwachi.

"Boss, hii nguo umeanika ama umetega samaki?" anamtania Abdulaziz, dereva wa masafa marefu. Protus anacheka, anaivuta zaidi.

Watoto wamenenepa kwa furaha. Lakini Rosebella hana raha hata kidogo, na ukikaa naye unaanza kukosa raha wewe pia. Hajamwambia mumewe kwamba alikuwa anaongea na Mungu.

"Nitamwambia aje?" ananong'ona. "Ameacha mtumbwi. Akijua haikuwa yeye, si atarudi? Na nikinyamaza, si nimedanganya kwa jina ya Mungu?"

Angeweza kunyamaza, kama si kwaya. Mwalimu wao, Quinton Oriokot, anataka wayaimbe maneno hayo Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Tatizo ni kwamba waimbaji wake wanaitamka v bila shida, kwa hiyo lazima wachague.

"Soprano wanafua, besi wanavua," Oriokot analalamika. "Mimi niko hapo katikati, sijui nipunge mkono aje."

Mwandishi alirudia kuisikiliza ile sauti mpaka simu ikaishiwa chaji. Alikuwa na hakika ni ombi kwa Mungu, hadi mstari wa mwisho ulipomvuruga. Alimuuliza Rosebella: huyo anayeombwa asimwanike peke yake ni nani?

Rosebella aliendelea kukamua mkono wa ovaroli uliokwisha kukamuliwa.

"Sijui," alisema. "Nilifunga macho. Nikisema Bwana, naona Mungu. Lakini hiyo ya kuanika..." Alicheka, akajifuta macho kwa kiwiko. "Usiandike hiyo." Baadaye kidogo akabadili nia. "Haya, andika. Hata mimi nataka kujua."

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, kwaya ilikutana kanisani kwa mazoezi. Protus alikuja pia, akisaidia kupanga mabenchi. Oriokot hakuzunguka mbuyu.

"Mama, tuambie mara moja. Kufua nguo ama kuvua samaki?"

Rosebella alimtazama mumewe, aliyekuwa ameshika benchi upande mmoja.

"Nguo," alisema. "Nilikuwa naomba Mungu anioshe. Nisamehe, Baba Cindy. Sikukuita wewe."

Protus aliliweka benchi chini polepole. Akatoka nje, na mwandishi, aliyetamani ardhi immeze kwa niaba ya wote, alimwona kupitia dirisha akisimama tu uani, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Rosebella alimfuata. Walisimama bila kuangaliana.

"Kwa hivyo ulipigia Mungu," Protus alisema, "simu ikaingia kwangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikapokea."

"Ulipokea."

"Sasa nikate?"

Ukimuuliza Rosebella ana mpango gani wa maisha, atakwambia anataka kamba ndefu zaidi ya kuanikia, na bati la kujikinga mvua ikija. Lakini pale uani hakutaja kamba wala bati. Alimshika mumewe mkono, vidole vyake vikiwa vyeupe na vimekunjamana kwa maji ya asubuhi.

"Usikate," alisema.