Wimbo wa Kukanyaga Ndiva

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimeishia darasa la saba, nimebeba zege, nimeuza mitumba, na leo nina malori na duka la vifaa vya ujenzi pale Same mjini. Wenye digrii zao wananiamkia shikamoo wakitaka saruji ya mkopo. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kwamba ndiva yetu kule Chome imebomoka ukingo, na maharage yanataka kukauka yakiwa na maua, nilicheka. "Mama, tulia. Nakuja na kijiko."

Ndiva, kwa wewe usiyetoka Upareni, ni bwawa la udongo. Usiku linakinga maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani. Likivuja, hakuna maharage, na mama yangu hana shamba lingine.

Kijiko, ile mashine yangu ya kuchimbia, kilimaliza ukingo kabla ya chakula cha mchana. Jioni tukaziba mlango wa maji ili ijae, nikala makande ya mama, nikalala najisifu. Asubuhi tukakuta tope tupu. Maji yote yamepenya chini.

Jirani yetu, kikongwe mwembamba ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za ndiva tangu mimi mtoto, alikuja kunitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, tajiri. Mashine yako imerundika udongo. Nani aliukanyaga?"

"Kijiko kina tani nyingi, bibi."

"Na kinaimba? Haya, vua viatu."

Rafiki yangu, hapo utoto ulinirudia wote. Siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, baragumu lilikuwa likilia ukungu wa mlima Shengena ukiwa bado umetanda mlangoni. Bibi yangu mzaa baba ananinyanyua kitandani, viazi vitamu vya moto amevifunga kwenye kanga, mimi nyuma yake natetemeka. Wanaume wanamwaga udongo wa mfinyanzi, wanawake na watoto tunaukanyaga. Tope baridi linapanda katikati ya vidole, jasho na moshi wa kuni vinanukia pamoja.

Na wimbo. Ulikuwa unaita majina ya waliochimba ile ndiva, nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba iliyoitwa inaingia kwenye kipande chake cha ukingo, inakanyaga mpaka ubeti wake uishe. Wengine wote wanaitikia kwa sauti ya chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Likifika jina la marehemu babu, bibi alikuwa anakanyaga kwa nguvu ya ajabu, ananiambia, "Kanyaga, anakusikia." Mimi nilidhani ni mchezo. Kumbe ndivyo ukingo ulivyokuwa unashikamana: hakuna kipande kilichobaki bila miguu, na hakuna aliyemwaga tabaka jipya kabla majina hayajaisha.

Basi tukafukua kazi ya kijiko, tukalaza mfinyanzi. Kikongwe akaanza. Sauti inakwaruza, lakini iligonga mlima ikarudi. Jina la kwanza: ile nyumba imefungwa kufuli, watoto wako Dar. Hakuna aliyeingia. Wimbo haukuiruka. Mama na yule kikongwe wakaingia wenyewe, wakawakanyagia. Jina la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Zamani ukingo ulijaa watu hadi unasukumwa, na sasa wanawake wachache wazee wanahama kipande hadi kipande, wanabeba kijiji kizima kwa nyayo zao.

Kisha likaitwa jina la baba yangu.

Sikujua kama yumo. Baba alifariki mimi nikiwa machimboni Mererani. Hakuacha hata baiskeli, na kila mahali nimekuwa nikisema kwamba nimempita mbali. Kumbe mwaka mmoja wa ukame alichimba mfereji wa juu peke yake, kwenye mwamba, wakamtia kwenye wimbo. Nilimwona mama anainua mguu. Ndiye aliyekuwa akimkanyagia miaka yote hiyo. Nikamshika bega, nikaingia mimi. Mlima mzima ulikuwa unamtaja baba yangu, na mimi nalia kama mtoto, suruali ya kitambaa imejaa tope hadi magotini.

Ubeti ulipoisha nikauliza, "Na mimi mtaniimba?"

"Kwani umechimba nini?" Kikongwe hakuniangalia hata usoni. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Bibi, naweza kuchangia. Taja kiasi."

"Kanyaga, wewe. Ubeti wa nyumba nyingine unakusubiri."

Asubuhi yake maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, yametulia kama kioo. Yakafunguliwa. Mama alisimama kwenye mfereji, maji yanampita miguuni kuelekea kwenye maharage yake.

Tunashuka, kijana anayesimamia zamu za maji akanizuia. "Mzee, sasa umeikanyagia nyumba ya baba yako, kwa hiyo na wewe unahesabiwa. Msaragambo wa Jumamosi iliyopita hukuonekana. Una faini." Nikampa noti ya elfu kumi, nikamwambia chenji abaki nayo. Akanirudishia chenji palepale, mbele ya watu wote. Faini ya mtu mmoja ni shilingi elfu tano.