Ndoo ya Lukeba

Mpaka leo napandwa na hasira nikikumbuka walivyomwita shangazi yangu Mwavita mchawi. Aliuza samaki hapa Rumonge. Jirani yake, Lukeba, alikuwa na bustani ya stroberi aliyoachiwa na mwajiri wake Mbelgiji mwaka wa Uhuru.

Kwetu maji yaliyooshewa samaki hayamwagwi ovyo, hupewa mwenye migomba. Lukeba aliyaomba kwa ajili ya stroberi zake, kila asubuhi, na ndoo yake mwenyewe.

Kiangazi kile shangazi alianza kuuza sangala wa chumvi. Akamwonya, "Haya si yale maji ya zamani." Lukeba hakusikia. Majani yakakauka kuanzia ukingoni kama yaliyobabuliwa na moto, matunda yakadumaa. Yeye akazidi kumwagilia. Stroberi zilipokufa, akaja mlangoni kwetu na ndoo yake, akatangaza kwamba Mwavita ameziroga.

Shangazi akachota maji yaliyobaki kwenye ndoo ile. "Onja, baba."

Akaonja mbele ya watu, akatema.

Unadhani aliomba radhi? Jioni alimtuma mkewe kununua sangala, na malalamiko juu: yule wa juzi hakukolea chumvi.