Simu ya Afande

Kaka yangu alipopata mtoto wake wa kwanza huko Kanada, alituma picha kwa barua pepe. Mimi niliiona kwenye duka la intaneti pale Kabalagala, lakini Mama hakuiona. Tangu tulipotoka Bukavu miguu yake ilikuwa inamsumbua, na kutoka kwetu Nsambya mpaka kule asingefika. Kila jioni aliniuliza mtoto anafanana na nani. Nikaamua kuileta intaneti nyumbani.

Shule moja ya Kibuli ilikuwa inaondoa kompyuta zake za zamani. Nikapata moja, nikapanda bodaboda nikiwa nimeikumbatia skrini yake nzito. Tatizo likabaki simu, maana siku hizo intaneti ilipitia laini ya simu, nasi hatukuwa nayo. Mwenye nyumba wetu, polisi mstaafu kutoka kaskazini ambaye wapangaji wote tulimwita Afande, alikuwa na simu sebuleni kwake. Nilimwendea nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Nilipomwambia ni wa kike, akaenda kutafuta ngazi.

Kesho yake asubuhi tukavuta waya kutoka dirishani kwake, ukapita juu ya kamba za nguo, ukaingia kwetu. Nikauchomeka kwenye modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na laini ya simu. Nikaandika namba ya kupiga, jina langu na neno la siri, nikabonyeza. Kimya. Mashine ikaniandikia kwamba haisikii mlio wa simu. Nikajaribu tena na tena, jasho linanitoka, hadi nilipoinama nyuma yake nikaona waya uko kwenye tundu lisilo lake. Nikauhamisha. Safari hii mashine ikalia, ikakoroma, ikapiga mbinja, Mama akashika kifua. Halafu ikatulia. Tulikuwa tumeunganishwa!

Nilirukaruka kama mtoto. Kabla sijafungua barua, ikakatika. Kumbe mke wa Afande alikuwa ameinua simu ampigie dada yake. Afande akaomba radhi kutoka dirishani, kisha akaweka kiti kando ya simu, akakaa kama yuko lindoni.

"Piga sasa," akaniambia. "Hakuna mtu atagusa hii simu."

Picha ilishuka polepole, mstari baada ya mstari. Kwanza ukuta, kisha nywele, kisha paji la uso. Mama alikuwa amesogeza kiti hadi pua yake inakaribia kugusa kioo. Macho yalipotokea, akanikamata mkono.

"Huyu ni marehemu baba yako," akasema. "Tazama, hata kukunja uso ni yeye."

Nilikuwa nacheka. Mama akaniagiza nimjibu kaka papo hapo.

"Mwambie nimemwona. Mwambie nimemwona kwa macho yangu, nikiwa hapa nyumbani."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma. Afande akauliza kutoka kwake kama mtoto amefika, Mama akamwita aje. Aliikabidhi simu kwa mkewe kwa masharti makali, akaja, akavua viatu mlangoni, akasimama nyuma ya kiti cha Mama. Alimtazama yule mtoto, kisha akampongeza Mama kwa kupata mjukuu. Siku hiyo chakula cha mchana kilichelewa, na hakuna aliyelalamika.